Mazoezi ya Kusalimia

Bosi wetu mpya pale ofisi ya ghala la nafaka, Mpanda, alikuwa kijana ambaye ningeweza kumzaa. Alikuja na mpango wa afya kazini: kila Ijumaa jioni, wote jogging. Nilimwambia usoni, "Mwanangu, mimi sikimbii. Mama mtu mzima akionekana anakimbia barabarani hapa, watu wanatoka nje kuuliza kafiwa na nani."

Wenzangu walicheka. Mimi sikuwa natania. Ila sikuwaambia kwamba nina presha, na kwamba mama yangu, kule Kibaoni, alianguka kwa presha hiyohiyo akiwa shambani peke yake, akakutwa jioni. Sikuogopa kufa. Niliogopa kuanguka bila mtu.

Siku moja bosi alinikuta nameza vidonge, akavuta kiti, nikajikuta nimemweleza yote. Ijumaa ile wenzangu walikwenda kukimbia, yeye akabaki. "Basi mama, sisi tutembee."

Tulitembea? Weee! Sisi wa huku hatupiti nyumba ya mtu tukanyamaza. Shikamoo, za kutwa, watoto wazima, mvua imewafikia? Bosi anatazama saa yake ya kupima mapigo ya moyo, anaguna. "Mama, tukisimamasimama hivi hakuna mazoezi."

"Ulitaka nipite kama bubu?" Nikawaka kweli.

Akapata ujanja: kunipeleka kule nyuma ya reli, mtaa ambako sijulikani. Ijumaa ya kwanza tulikwenda kasi, jasho likanitoka, bosi meno nje. Ijumaa iliyofuata mama mmoja anayekaanga mihogo akanisalimia. Ningefanyaje? Haukupita muda nikawa najua nani kajifungua na mume wa nani kaenda Karema kufuata dagaa. Bosi alishika kichwa. Halafu akacheka, akaivua ile saa akaitia mfukoni. Jamani, nilimpenda yule kijana.

Kisha ikaja Ijumaa ambayo bosi alikuwa kijiji cha Mamba kukagua mpunga. Nikaenda peke yangu. Jua lilikuwa kali, na nilipokaribia kwa mama wa mihogo kichwa kikaanza kuzunguka, macho yakaingia giza. Nikamkumbuka mama yangu na lile shamba.

Magoti yangu hayakufika chini. Mama wa mihogo alishanidaka. Mwingine ananipepea na khanga, mwingine yuko katikati ya barabara anasimamisha bajaji, anapiga kelele, "Simama wewe, huyu ni mtu wetu!"

Bosi alikuja hospitali moja kwa moja kutoka safari, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilimsimulia. Alinishika mkono.

Daktari aliporuhusu tukarudi kule nyuma ya reli. Tulipofika nyumba ya kwanza, kabla sijafungua mdomo, bosi alikuwa ameshasimama.

"Shikamoo mama. Za kutwa? Watoto wazima?"