Ulimi wa Alfonce

Mwaka ule wa themanini na tatu sabuni haikuonekana madukani, sukari ilipangiwa foleni, na hata wembe watu waliazimana. Kwa hiyo Jenoveva alipomwona mama mkwe wake na wembe mpya mkononi, alijua mambo yameshaamuliwa.

"Ulimi wake umefungwa," alisema bibi Nyangi, akimtazama mjukuu wake mchanga, Alfonce. "Tusipoukata atakuwa bubu. Kwetu wanakatwaga mapema."

Jenoveva aliuza samaki pale Kibara, na sauti yake ilisikika kutoka mwaloni, mitumbwi ilikoshusha samaki, hadi barabarani. Mtoto alikuwa hanyonyi, anatafuna. Chuchu zilikuwa zimepasuka, na akimtoa tu analia njaa. Moyoni alitamani wembe ule ufanye kazi yake, maumivu yaishe. Lakini alipoutazama mdomo ule mdogo, alimvuta mtoto kifuani.

"Mama, twende kwanza kwa nesi," alisema. "Akisema tukate, nitamshika mwenyewe."

Nyangi aliuweka wembe, akachukua kanga yake. Wakaenda wote.

Kwenye zahanati, nesi Ursula aliinua ulimi wa mtoto kwa kidole, akaona utando mfupi ulioushikilia chini. Akampima uzito, akamwangalia anavyonyonya. Halafu akamgeukia Jenoveva.

"Hebu toa ulimi wako, mama."

Haukuvuka mdomo wa chini.

Nyangi aliinama akachungulia, akachungulia tena. "Kumbe na wewe?"

"Sikujua, mama. Hakuna aliyewahi kuniangalia."

"Na kuongea kote kule," alisema Nyangi taratibu, kisha akaanza kucheka, na Jenoveva naye akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Nesi alisubiri watulie. "Kuongea kusiwatie hofu. Mimi naangalia kunyonya. Asiponenepa, daktari wa kule Bunda atakata kidogo kwa mkasi safi. Nyumbani msikate. Ila uzito wake unapanda, polepole tu. Tujaribu kumshika vingine kwanza."

Akamwegemeza Jenoveva ukutani, akamlaza mtoto kifuani, kidevu kikigusa ziwa, mdomo ukiwa wazi sana. Maumivu hayakuisha, lakini yalipungua, na kwa mara ya kwanza Jenoveva alimsikia mwanawe akimeza.

Nyumbani Nyangi ndiye aliyesimamia. Alimpikia uji wa mtama, akamwekea nguo mgongoni aegemee, na wanawake wa jirani walipouliza mbona mtoto hajakatwa, aliwajibu yeye. Siku ya kliniki mizani ilionyesha Alfonce amenenepa vizuri, na chuchu za mama yake zilikuwa zimepona. Hawakukata.

Alfonce alipoanza shule, maduka yalikuwa yamejaa bidhaa tena. Mwalimu alimwita Jenoveva, akalalamika kwamba mtoto anasema "balabala" badala ya "barabara".

"Wangapi darasani wanasema hivyo, mwalimu?"

Mwalimu alifikiri. "Karibu wote."

Jenoveva akaaga, akaondoka kuwahi samaki wake kabla jua halijawa kali.