Siku Mjomba Alipojifanya Hajui Kiswahili

Nasema wazi, uchumi wa maendeleo niliusoma kwa hasira. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na mtaani kwetu Iftin, mjini Garissa, watu walikuwa bado wakiniuliza, "Unarudi Kenya lini?" wakimaanisha Nairobi. Huko Kenya, darasani, nilifundishwa kwamba serikali maskini huweka pesa zake penye mvua, halafu faida itiririke yenyewe hadi kwa walio kwenye ukame. Wenzangu wakaandika. Mimi nikawaza, itiririke ipitie wapi, na barabara yenyewe hatuna?

Aliyenifikisha kwenye dawati lile ni mjomba wangu wa Eldas, kaka yake mama. Sisi mjomba tunamwita abti, naye hutuita abti vilevile, mkubwa na mdogo jina moja. Aliuza ngamia wa maziwa ili nisome. Kisha ukame ukaja ukamaliza waliobaki. Nilipomuuliza mama habari zake, alisema tu, "Yuko kwa jamaa," akageuza mazungumzo.

Utafiti wangu wa uzamili ulihusu wakimbizi wa Somalia katika kambi ya Ifo. Mhadhiri aliyenisimamia, mtu wa kule kwenye mashamba ya chai, akaja kuona ninavyofanya kazi. Kisomali hakujua hata salamu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake. Vibanda alichagua mwenyewe, hiki na kile, ati nisije nikapendelea.

Kwenye kibanda kimoja, aliyetoka akiinama chini ya turubai alikuwa abti.

Akanipa mkono kama anampa mgeni, yeye aliyenibeba mabegani. Nikaelewa papo hapo. Raia wa Kenya aliyefiwa na mifugo hakuwa na mgao pale; mkimbizi alikuwa nao. Basi alikuwa amejiandikisha kuwa mtu wa ng'ambo ya mpaka, apate kadi ya chakula, yeye na mkewe na wanawe. Mhadhiri akijua, atasema ofisini, na kadi itachukuliwa siku hiyo hiyo. Na mtu aliyetoka Somalia juzi hawezi kujua Kiswahili. Abti alikuwa ameuza mifugo soko la Garissa miaka nenda miaka rudi, akibishana na madalali kwa Kiswahili mpaka wao ndio wanachoka.

"Muulize alikuja Kenya lini," mhadhiri akasema.

Abti akanitazama mimi mpaka nilipotafsiri. Akatoa uongo wake polepole, nami nikaupitisha.

"Hawa wameshazoea vya bure," mhadhiri akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, mbele ya uso wa abti. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hebu muulize kama anataka kurudi kwao."

Abti hakupepesa jicho. Nilimchukia mhadhiri yule, na wallahi mpaka leo sijamaliza kumchukia. Nikatafsiri swali peke yake, jembe nikaliacha, kana kwamba kulikuwa na kitu cha kumficha abti.

"Mwambie," abti akajibu kwa Kisomali, "kwetu imebaki mifupa ya ngamia. Nirudi nikachunge mifupa?"

Nikalisema neno kwa neno. Mhadhiri akacheka kidogo. "Unaona? Hataki. Liandike hilo, ndiyo sura yako ya mwisho."

Nikaliandika, na baadaye shahada nikapewa. Tasnifu iko maktaba, kwenye rafu, na ndani yake mjomba wangu ni mkimbizi aliyezoea mahindi ya bure na kukataa kurudi nchini kwake. Nchi yake ndiyo ile aliyokuwa ameikanyaga tukiongea naye. Watahini waliisifu sura hiyo.

Kabla hatujaondoka, mhadhiri alimpa mkono, maana adabu alikuwa nayo. "Asante, mzee," akamwambia.

Neno hilo hata mtoto mdogo wa Garissa analijua. Abti akanigeukia, akangoja nimtafsirie.