Viondo vya Mutindi Mbele ya Hakimu

Haya hamtaamini, na sitawalaumu. Mimi mwenyewe, fundi wa kusimulia kuliko wote katika kijiji kizima cha Nuu, nilipoyasikia nilicheka.

Mwaka wa 1986 mpwa wangu Mutindi alikuwa akifagia kiwanda cha pamba, robota zito la pamba likamwangukia kichwani. Damu haikutoka hata tone. Zahanati walimpa vidonge viwili. "Mama, uko sawa, enda nyumbani."

Naye alitaka sana kuwa sawa. Lakini mwanga ulimchoma macho, muthokoi, chakula chetu cha mahindi yaliyokobolewa, akautia chumvi mara tatu, na kufika saa sita mchana kichwa kilikuwa kizito kama jiwe. Mwenye kiwanda akamfuta kazi akimwita mvivu. Neno hilo lilimuuma kuliko robota. Akaenda kwa wakili Abdallah, Kitui mjini, kudai fidia.

Siku ya kesi wakili wa kiwanda akainua daftari la mchuuzi wa viondo wa mji wa Mwingi. "Mgonjwa gani huyu? Kila mwezi kiondo chake kinauzwa, tena kizuri!"

Mutindi alikuwa msusi wa vikapu hivyo. Kweli alisuka, kweli alilipwa. Akaanza kuamini mwenyewe kwamba labda ni uvivu.

Muthoki, kiongozi wa mwethya, kikundi chao cha kusuka, akaruka kutoka kwenye benchi. "Mheshimiwa, hivyo vya daftari ni vyetu! Vyake ninavyo nyumbani."

"Vilete wiki ijayo," hakimu akasema.

Akaleta gunia zima, akalimwaga. Viondo vya kabla ya robota vilikuwa na mistari iliyonyooka. Vya baadaye, mstari mwekundu unaanza, unapotea, unarudi kama mlevi anayetafuta mlango. Miezi kumi na minane akina mama walivificha, wakipeleka sokoni vya mikono yao kwa jina lake.

"Mbona hamkuniambia?" Mutindi akauliza.

"Tukuambie nini, wewe? Ulie, halafu tusuke na kukubembeleza?" Muthoki akajibu.

Daktari wa mahakama akaeleza kwamba ubongo unaweza kuumia bila ngozi kupasuka. Kiwanda kikaamriwa kulipa, na neno mvivu likafutwa kwenye barua yake ya kufutwa kazi. Mpaka leo, kanisani wakiitwa wenye shukrani, Mutindi husimama na kuwataja wanawake wale mmoja mmoja.

Basi hakimu akavua miwani, akalia, na watu elfu tatu waliojaa mahakamani wakaimba mpaka paa lika—

Mutindi akanikatiza: "Mjomba, futa hiyo. Tulikuwa kumi na wanne, na wewe ulikuwa nje unakula ndizi."