Kinywa cha Mwimbaji
Jirani yangu hapa Göteborg huchonga sanamu za omo, zile zinazowekwa mbele ya meli, na kabla sanamu haijapanda melini huipapasa midomo kwa kidole gumba. Meli zinazopewa jina la mwimbaji mmoja wa kike, maarufu hapa Uswidi, huzichongea uso wake, kinywa kimefumbwa. Mabaharia husema sanamu iliyoachama hunywa bahari. Nahodha Tornberg, mwenye meli moja ya jina hilo, alimcheka jirani yangu: “Mzee, mwimbaji gani huyu bubu? Mfumbue kinywa!” Akamfumbua. Leo mawimbi yameitupa sanamu ile ufukweni, bila meli, bila Tornberg. Mzee alipiga magoti, akawa anachokora mchanga kinywani kwa gumba lile lile, taratibu. Ghafla mkono ukaganda. “Mama,” akaninong'oneza, “ile meli iliyong'oa nanga asubuhi, nayo nimeichongea kinywa wazi.” Mume wangu yumo humo.