Gramu za Robotatu

Shemeji yangu ana bucha, na mtaa mzima humwita Robotatu, kwa kuwa kilo ya dukani kwake ndiyo hiyo. Nilimwonya mdogo wangu asiolewe naye, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Mtoto wao alizaliwa kabla ya wakati, kilo moja na gramu mia nne. Mdogo wangu alikuwa amepasuliwa, homa imempanda, hata kukaa hawezi. Muuguzi akatueleza kwamba siku hizi kichanga kama huyo hufungwa kifuani mwa mtu, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, mpaka afikishe kilo moja na mia nane. Akirudi nyumbani kabla ya hapo, baridi itamwondoa. Mimi tayari nilikuwa navua blauzi. Robotatu akaniwahi, akafungua shati, na mtoto akapotelea katika msitu wa kifua kile.

Basi yakawa mambo. Alilala ameketi, alikula ameketi, na akipiga chafya alimwomba mtoto radhi. Wateja walikuja kumchungulia wakimuuliza kama mzigo huo ni mnofu mtupu au amechanganya na mifupa.

Muuguzi naye alikuwa mteja wake wa siku nyingi. Kila asubuhi, kabla ya kupima, alimwamuru asimame mlangoni, mikono nyuma. Robotatu alilalamika kutoka huko huko kwamba mizani haikuanzia sifuri. Mara mbili, nakiri kwa shingo upande, alikuwa sahihi.

Siku ya ishirini na tatu kulikuwa na baridi, mtoto akapimwa na nguo zake. Kilo moja, mia nane na kumi. Mdogo wangu, ambaye alishapata nafuu, akaanza kufunga mizigo.

"Dada, mvue kofia na soksi," Robotatu akamwambia muuguzi.

Naye akamjibu hizo si kitu, waende zao nyumbani.

"Mvue. Gramu za uongo hazimshibishi mtu. Mimi nimeziuza miaka kumi, najua."

Akavuliwa. Kilo moja, mia saba na sabini.

Mdogo wangu akalia. Robotatu alikuwa ameshafungua vifungo, amenyoosha mikono apewe mwanawe. Siku hiyo nilimpenda shemeji yangu kwa mara ya kwanza, na jambo hilo liliniudhi sana.