Ungo wa Bibi na Sakafu ya Baba

Enzi zetu pale Kasongo, Wabelgiji wakiwa bado wanatawala, saruji ilikuwa kitu ambacho watu walikwenda kukitazama. Baba alikuwa mwashi. Walipomaliza kusakafia uwanja wa ofisi moja ya Serikali, alipewa mifuko ya saruji iliyopasuka, akasakafia uwanja wetu wote mpaka kwenye shina la mparachichi. Majirani walivua ndara kabla ya kukanyaga! Sisi watoto tuliteleza kwa makalio siku za mvua hadi nguo zikatoboka, na mama akatumalizia kwa makofi.

Lakini mparachichi ule ulikuwa wangu. Kitovu changu kilizikwa chini yake, kama ilivyo desturi yetu. Mvua ikawa inanyesha, maji yanapita juu ya saruji na kukimbilia mtaroni. Majani yakawa manjano, yakaanza kupukutika. Kwa akili yangu ya miaka saba niliamini mti ukifa nami nimekwenda. Kila asubuhi niliyaokota majani nikayaficha nyuma ya kinu, baba asiyaone, maana niliipenda furaha aliyokuwa nayo kwa sakafu ile.

Bibi mzaa baba alipofika kutoka Kabambare na mchele na ungo wake, alikwenda kinuni, akayakuta yale majani. Akamwita baba.

"Mwanangu, huu muti iko na kiu. Ulimufunga kinywa."

"Mama, mizizi iko chini. Simenti iko juu."

"Na mvua inatokaka wapi? Chini?"

Bibi akauweka ungo wake kando ya shina, akausogeza kulizunguka, akichora ukingo kwa mkaa.

Jumapili, watu wakitoka misa, baba alishika nyundo akavunja sakafu yake mwenyewe hadi kwenye alama ya mkaa. Wapita njia walicheka. Yeye akanishika bega, akasema tu, "Sakafu nitajenga ingine. Mutoto wangu ni huyu."

Mvua zilizofuata mti ulichipua. Parachichi la kwanza nililila na chumvi, nimekaa juu ya sakafu iliyobaki.

Vijana wa leo wanasakafia mpaka ukutani, kisha wananunua maua ya plastiki na kulalamika joto. Mti ukinyauka, wanaupulizia dawa! Hata hivyo mjukuu wangu, alipoanza kusakafia uwanja wake mwaka huu, alikuja kwanza kuazima kwangu ungo wa kuzungushia shina la mti wake. Nilimpa, nikaingia ndani nikamlilia baba kidogo, kwa furaha.