Mguu wa Kulia wa Mama Pasi

Mama Pasi hakwenda kwenye dansi kwa kupenda. Alikwenda kwa kuchoka, na mtu aliyechoka namna ile ukimwambia aruke ataruka, ili mradi umwache apumue.

Kazi yake ilikuwa kupiga pasi kwenye kiwanda cha dobi kinachofua shuka za hoteli na hospitali. Na si pasi ya mkono, bali mashine ya mvuke, ubao juu, ubao chini. Unatandaza shuka, unakanyaga pedali kwa mguu wa kulia, ubao unashuka, mvuke unakupanda usoni, unaachia. Miaka ishirini na miwili anakanyaga tu! Mguu ule ulishakuwa na akili zake. Hata kwenye foleni ya benki ulikuwa ukikanyaga sakafu, na binti yake akimcheka: "Mama, hapa unapiga pasi ya nani?"

Nyumbani alikuwa na kazi ya pili. Mumewe, fundi rangi, alianguka na kiharusi mwaka juzi. Bahati tu hakuwa juu ya ngazi. Upande wa kushoto ukalala. Mkono ulirudi kidogo kidogo, lakini mguu uligoma katakata. Alisimama nao, aliuburuta, ila haukusikia kitu. Siku moja aliutia kwenye beseni la maji ya moto, akaja kujua alipoona ngozi imebabuka. Tangu siku hiyo fundi yule, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, akawa mtu wa kiti cha dirishani na kunyamaza.

Basi Mama Pasi alimwogesha, akamvalisha, akamshika kiuno kwenda chooni, kisha akaenda kusimama kwa saa tisa mbele ya mashine. Presha yake ilipanda mpaka nesi akapima mara mbili, akidhani kipimo kimeharibika.

Aliyewatuma kwenye dansi ni bwana mmoja wa mazoezi ya viungo kule kliniki. "Jumamosi alasiri, ukumbi wa shule, wanafundisha dansi ya kushikana," alisema. "Huo mguu unataka kukumbushwa."

"Ganzi itatoka?" Mama Pasi aliuliza.

"Siwezi kukuahidi, mama. Ila akiendelea kukaa kwenye kiti haitatoka, hilo nakuahidi."

Wakaenda. Aliyefundisha alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mama mwembamba mwenye redio kubwa kuliko yeye, na alihesabu utadhani bado yuko darasani: moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu. Kwenye moja, mwanamume anatanguliza mguu wa kushoto mbele, na mwanamke anarudisha wa kulia nyuma. Rahisi, sivyo? Mwambie hivyo mtu wa pedali! Kila "moja" iliposikika, mguu wa Mama Pasi haukurudi nyuma. Ulishuka pale pale, kwa nguvu zote za kazini, juu ya kiatu cha mumewe.

Na mumewe hakustuka. Hata kope hakupepesa.

"Bibie, unamkanyaga mwenzio," mwalimu alisema.

"Hasikii huyu, mwalimu," Mama Pasi akajibu kwa sauti ya uchovu, mbele ya watu wote. Neno lilipomtoka alitamani alimeze. Fundi aliinamisha kichwa.

Lakini Jumamosi iliyofuata ni yeye aliyevaa viatu mapema. Wakaendelea kwenda, wiki juu ya wiki. Mgongo wa fundi ukanyooka. Akaanza kwenda chooni mwenyewe akishika ukuta, na siku moja akamtania mwalimu kwamba kwa hesabu zile hata redio imefaulu mtihani. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Presha ya Mama Pasi nayo ikashuka, nesi akafurahi kuliko yeye. Ila mguu, wapi! Kila wakitoka alimuuliza, "Leo umesikia chochote?" Naye alijibu, "Nimesikia muziki."

Ukaingia mwezi wa nne wa dansi. Wiki hiyo mashine mbili ziliharibika kazini, na Mama Pasi akapiga pasi za watu watatu. Jumamosi alifika ukumbini miguu imevimba, akaketi kwenye benchi la kando ya mlango.

"Baba watoto, mimi nimechoka," alisema. "Nimechoka na kazi, nimechoka na huu mguu, nimechoka kutumaini. Wiki ijayo siji."

Fundi alimnyooshea mkono. "Haya, mke wangu. Basi tucheze leo, tuage vizuri."

Wakacheza. Mama Pasi hakuwa na nguvu hata ya kumshikilia. Kwa mara ya kwanza tangu kiharusi alimwachia uzito wake, akalaza shavu begani kwake na kufumba macho, na fundi akasimama imara. Moja, mbili, tatu. Moja!

"Aii! Mama wee! Mguu wangu!"

Redio ikazimwa. Mama Pasi alifumbua macho kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Mguu gani?"

"Si huo huo uliokanyaga! Unaniua, mwanamke!" Kisha fundi mwenyewe akasikia alichokisema. Akautazama mguu wake wa kushoto.

"Kanyaga tena," alisema polepole.

Mama Pasi aliinua mguu wa kulia, ule wa miaka ishirini na miwili, uliokuwa ukishuka bila hata kuulizwa. Ukabaki hewani. Akajaribu tena, haukushuka.

"Siwezi," alisema, machozi yakimtiririka. "Nitakuumiza."